Dawa ikiletwa nyumbani, iletwe na maneno yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe la moyoni kuhusu dawa za cheti tunazoletewa nyumbani. Jambo hili limenikaa rohoni tangu miguu ya mke wangu ilipovimba, na kila nikitaka kunyamaza nawakumbuka wenzangu wengi wanaopokea mfuko mlangoni kama nilivyoupokea mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka mitatu iliyopita mke wangu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yakawa yanamtoka kwa shida, moja moja. Nyumbani tuko wawili tu. Mimi nina kisukari, najichoma insulini asubuhi na jioni. Yeye anatumia amlodipini ya presha, aspirini ndogo ya kuzuia damu isigande, na kidonge cha usiku cha kupunguza mafuta kwenye damu. Dawa zetu ziko kabati moja, zake rafu ya juu, zangu ya chini, na insulini iko kwenye jokofu.

Zamani dawa zilipokaribia kwisha nilianza kupiga hesabu za saa. Namgeuza, namwekea mto mgongoni, namsogezea maji upande wa mkono wake mzima, nafunga mlango na kutoka mbio. Foleni ikiwa fupi, nashukuru. Ikiwa ndefu, mwili uko dukani, roho iko nyumbani. Siku moja nilichelewa nikamkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango, shavu limelala kwenye sementi, macho wazi, ananitazama. Hakuvunjika popote. Alikuwa amesikia mtu anabisha hodi, akataka kwenda kumfungulia. Tangu siku ile sikuwahi kusimama tena kwenye foleni ya dawa nikiwa na utulivu.

Kwa hiyo duka letu la dawa lilipoanza kupokea oda kwa simu na kumtuma kijana wa pikipiki, kwangu ilikuwa faraja kubwa. Asije mtu akaisoma barua hii akadhani naipinga huduma hiyo. Nataka ibaki, na iwafikie wengi zaidi: mama aliyejifungua kwa upasuaji na bado mshono unamuuma, mgonjwa wa saratani anayetapika baada ya tiba, mlemavu ambaye kila ngazi kwake ni mlima, mzee asiye na wa kumtuma. Ninacholalamikia ni namna inavyofanyika.

Mwezi wa pili wa kuletewa, mfuko ulifika ukiwa na kiboksi nisichokijua. Tulichozoea kilikuwa cheupe chenye mstari wa bluu. Hiki kilikuwa cha kijani, na jina lake jingine kabisa. Kabatini bado tulikuwa na pakiti moja na nusu ya kile cheupe. Sasa, kliniki iliyotangulia daktari alikuwa ametuambia kwamba presha isiposhuka vizuri ataongeza dawa nyingine. Nikayaunganisha mambo mwenyewe: basi hii ndiyo ile ya kuongezwa. Nikaanza kumpa zote mbili, kidonge kimoja kutoka kiboksi cheupe na kimoja kutoka cha kijani, kila asubuhi kwa siku tisa, nikiamini natimiza wajibu wangu.

Siku ya nne hivi soksi zilianza kuacha alama. Nikimvua jioni naona mfereji umezunguka kifundo cha mguu kana kwamba alifungwa kamba. Siku ya saba nilibonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, nikakiondoa, shimo likabaki. Nikahesabu mpaka kumi na tano, shimo bado lipo. Nikimwinua akae, anafumba macho na kung'ang'ania ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, anatamka neno moja: "Zunguka." Chumba kinamzunguka.

Nikaomba gari la jirani, tukaenda kliniki. Muuguzi aliyetupokea alimwamkia mama, kisha kabla ya kushika kipimo cha presha akaniuliza, "Mzee, dawa zake umezibeba? Naomba nizione zote." Nikamwaga mfuko mezani. Alivichukua viboksi viwili, akavilaza sambamba, akaweka ukucha chini ya lile jina kubwa la kwanza, pale palipoandikwa kwa herufi ndogo. Amlodipini. Akahamia kiboksi cha pili, ukucha uleule. Amlodipini. Kila kidonge miligramu 10, na 10 ndicho kiwango cha juu ambacho mtu mzima hupewa kwa siku. Mke wangu alikuwa anameza 20. Kuvimba miguu na kizunguzungu ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, na kadiri kiwango kinavyopanda ndivyo yanavyozidi.

Daktari alimrudisha kwenye kidonge kimoja, wakamwangalia, na siku baada ya siku miguu ikanywea. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Mkono uliokuwa unamwekea vidonge mdomoni ulikuwa wangu.

Kwa ambao hawajawahi kuelezwa: kila dawa ina jina lake halisi linalotumika karibu dunia nzima, na kila kiwanda kinaweza kuipa jina la biashara. Jina la biashara ndilo huandikwa kubwa. Duka likiishiwa na ya kiwanda hiki linatoa ya kiwanda kile, na hapo hakuna kosa, dawa ni ileile. Kosa ni kwamba hakuna aliyeniambia kuwa ni ileile.

Dirishani ningeambiwa. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu ilishatokea. Mfamasia wa duka lile ni dada mmoja anayening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Kila kiwanda kilipobadilika alikuwa anakigonga kiboksi kwa kalamu na kusema, "Mwalimu, usibabaike na rangi. Hii ni ileile yako. Ya zamani ikiisha ndipo uanze hii." Sekunde kumi, si zaidi. Wateja wasiojua kusoma aliwachorea: jua dogo kwenye dawa ya asubuhi, mwezi mwandamo kwenye ya usiku, na sahani pembeni kama ni dawa ya kumezwa mtu akishakula. Nimewahi kusimama nyuma ya bibi mmoja akamfanya arudie maelekezo mara tatu. Sote kwenye foleni tulikuwa na haraka zetu, lakini hakuna aliyeguna, maana kila mtu alijua zamu yake itafika na yeye ataelezwa vilevile.

Basi nilikwenda kumwona, jirani akabaki na mgonjwa. Sikwenda kugombana. Nilimwekea vile viboksi viwili mbele yake nikamweleza. Alivitazama, akavua miwani, akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba oda za simu hazipiti kwake. Kuna simu inashikwa chumba cha nyuma. Msaidizi anasoma picha ya cheti, anatoa kwenye rafu, anafunga, pikipiki inaondoka. Yeye husaini daftari jioni, wakati mifuko imeshafika majumbani na vidonge vya kwanza vimeshamezwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Walipoanza kutuletea dawa walihamisha vidonge, dirisha wakaliacha palepale. Na mgonjwa alikuwa analifuata dirisha kama alivyokuwa anavifuata vidonge.

Meza ya yule muuguzi ilifichua na jambo la pili. Bega la mke wangu upande uliopooza humuuma sana, wengi waliouguza kiharusi wanalijua hilo. Nilikuwa nimeagiza ibuprofeni kwa simu, nayo ikaongezwa kwenye oda bila swali lolote. Dirishani ningeulizwa, "Ni ya nani?" Ningejibu ni ya mama, na angeizuia palepale, kwa sababu ibuprofeni inaweza kuidhoofisha aspirini katika kazi yake ya kuzuia damu isigande, zikiwa pamoja huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu, tena yenyewe inaweza kupandisha presha. Swali moja la maneno matatu lingetosha. Wala si swali gumu kuulizwa kwa simu.

Halafu kuna hii ya kupiga picha cheti. Mwandiko wa madaktari tunaujua. Upige picha usiku, taa hafifu, kona moja ya karatasi imekatwa, aliyeko upande wa pili anabaki kukisia. Zipo dawa ambazo majina yake yanakaribiana kiasi kwamba hata kwenye karatasi safi watu huzichanganya. Prednisoloni na propranololi, kwa mfano. Ya kwanza hupewa, pamoja na wengine, mtu aliyebanwa na pumu. Ya pili ni ya moyo na presha, na akipewa mwenye pumu inaweza kumbana kifua zaidi. Zipo zinazopimwa kwa mikrogramu, kama levothairoksini ya wenye matatizo ya tezi ya shingo, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Nukta ikipotea kwenye picha, 0.5 inasomeka 5. Nimesahihisha madaftari ya hesabu kwa miaka 34, najua nukta ya mwanafunzi mwerevu inavyoweza kupotea kwenye karatasi iliyokunjwa. Hivyo naamini cheti kilichotumwa kwa picha lazima kisomwe kwa sauti kwa aliyekituma: jina la dawa, kiwango, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Kikiwa hakisomeki, apigiwe daktari aliyekiandika. Kukisia kusiruhusiwe kabisa. Makosa ya aina hii si ya duka letu peke yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya dunia nzima kuhusu madhara yanayotokana na makosa ya dawa, likataka madhara makubwa yanayozuilika yapungue kwa nusu ndani ya miaka mitano.

Insulini nayo ina habari yake. Ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Joto kali linaiharibu, na barafu pia inaiharibu, na hili la pili ndilo watu hawalijui. Siku moja nililetewa ikiwa imebanwa katikati ya mabonge mawili ya barafu. Kiboksi kimelowa, karatasi ya maelekezo imegandiana na barafu hata ikachanika nilipoivuta. Insulini yangu ni ile yenye ukungu. Ukiiviringisha taratibu kati ya viganja inatakiwa iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Nikaiviringisha, nikarudia, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Punje nyeupe zilikuwa zimeshikamana ukutani mwa chupa na hazikutaka kuachia. Ilikuwa imeganda. Insulini ikishaganda haifai hata ikiyeyuka, na wakati mwingine haionyeshi dalili yoyote kwa macho. Mtu anajichoma kila siku, sukari inapanda, na yeye anaanza kujituhumu kwa alichokula.

Kijana wa pikipiki alikuwa bado mlangoni, kofia mkononi. "Mzee, kuna tatizo?" Ningemlaumu kwa lipi? Aliambiwa "hii iwe baridi", akaifanya iwe baridi. Nikamwita ndani, nikamwonyesha zile punje, nikamweleza kwamba kati ya barafu na dawa lazima kuwe na kitambaa au karatasi nene, na kwamba boksi lisiachwe juani wakati anaingia nyumba nyingine. Aliinama akaitazama ile chupa kwa muda, kisha akatoa simu yake akaipiga picha. "Niwaonyeshe wenzangu," alisema, "sisi tulidhani barafu ndiyo usalama." Siku hizi akiwa na dawa ya baridi huanzia kwangu kabla ya kwenda kwingine. Vijana hawa wanataka kufundishwa. Saa moja ya mafunzo ingetosha, na katika saa hiyohiyo waambiwe wasitaje jina la dawa kwa sauti getini, wala wasimwachie jirani mfuko. Kuna watu wanaotumia dawa za VVU au za akili ambao wameamua nani ajue na nani asijue, na uamuzi huo hauwezi kuvunjwa na mtu anayeita jina kutoka barabarani.

Kuna pia wauzaji wa mitandaoni wanaokuletea antibiotiki au dawa za usingizi bila kuuliza cheti. Kwao sina maneno mengi: asiyeuliza cheti si duka la dawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka huohuo wa 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni bandia au iko chini ya viwango. Nikipokea mfuko sasa naangalia lakiri kama iko sawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya toleo kwenye kiboksi kama ndiyo iliyopigwa chapa kwenye karatasi ya vidonge iliyomo ndani. Nawasihi wengine wafanye hivyo kijana akiwa bado hajaondoka.

Na jambo la kwisha kwa dawa lisidharauliwe. Mwenye kifafa akikosa karbamazepini kwa sababu mvua ilizuia pikipiki, anaweza kuanguka. Aliyezoea prednisoloni kwa muda mrefu au propranololi hawezi kuacha ghafla bila hatari. Mimi naagiza zikiwa zimebaki za siku saba. Lakini kwa nini mtu ambaye presha yake imetulia apewe za mwezi mmoja mmoja? Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza watu wenye VVU ambao hali zao zimetulia wapewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mara moja. Kama mpango huo unafaa kwa dawa nzito kama zile, wenye presha na kisukari waliotulia nao wafikiriwe, bila kuacha kupimwa.

Sasa ninachoomba. Siku hizi kwetu mambo yamebadilika, ila yamebadilika kwa hisani ya mtu mmoja. Yule dada mfamasia alizungumza na mwenye duka, na tangu hapo oda ya simu haifungwi kabla yeye hajaipitia na kunipigia. Lakini dada huyo anaweza kuhama kesho, akaondoka na hisani yake. Nawaomba wanaosimamia dawa na maduka ya dawa waifanye kuwa kanuni: dawa ya cheti isitoke dukani kwenda nyumbani kabla mfamasia mwenyewe hajazungumza na mgonjwa au anayemuuguza. Amwambie kilichobadilika, hata kama ni rangi ya kiboksi tu. Amuulize anatumia nini kingine. Juu ya kiboksi pabandikwe karatasi yenye jina halisi la dawa kwa herufi kubwa, kwa lugha ambayo mgonjwa anaisoma, na asiyesoma achorewe.

Wenye maduka watasema muda hautoshi. Nimehesabu simu zangu. Ile ya kwanza, ya kupitia dawa zote za watu wawili, ilichukua dakika kumi na mbili. Zilizofuata hazijawahi kuzidi dakika tatu. Mke wangu alipewa vidonge viwili kwa siku tisa kwa kukosa sekunde kumi.

Juzi simu ilipoita niliweka spika, nikaiegemeza kwenye mto. Mfamasia akasema, "Mama, shikamoo. Chukua kiboksi kilichopo hapo nyumbani, unisomee lile jina dogo la chini, nilinganishe na hiki nilichokishika." Mke wangu akakishika kwa mkono wa kushoto, akakisogeza karibu na uso.

"Am," akasema. Akapumzika. "Amlo."

Upande wa pili hakuna aliyemharakisha. Nilisikia kelele za dukani, droo ikifungwa, mtu akikohoa.

"Amlodipini."

"Ngapi, mama?"

"Kumi. Moja. Asubuhi."

"Ndiyo hiyohiyo. Hiki kipya ni cha njano. Nakifunga sasa."

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu